Ragib Šljivo Akabidhi Ufunguo wa Lango la Hučnik

Bwana Ragib Šljivo, mlinzi wa lango la Maporomoko ya Hučnik, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni baada ya miaka ishirini na minane ya utumishi. Ndivyo inavyosema barua. Yeye mwenyewe ameisoma, akaigeuza nyuma kutazama kama kuna kilichofichwa, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, kisha akauliza ni nani hasa aliyeipiga chapa. Senada wa tiketi akamwambia, "Mimi, ami Ragib." Akajibu, "Ndiyo maana nauliza."

Kuandika wasifu huu wa kusomwa kwenye sherehe ya kumuaga nimepewa mimi, Kenan wa zamu ya asubuhi, kwa kuwa nina mwandiko mzuri na ulimi mzuri zaidi. Shule ya ufundi niliiacha njiani, hilo halina siri, ila wale walioimaliza walipoombwa kuandika wote walikumbuka kwamba wana wagonjwa nyumbani. Mzee aliposikia kazi imeniangukia mimi alisema neno moja tu: "Ataongopa." Kwa hiyo naanza na mambo ambayo hata yeye hawezi kuyapinga.

Bwana Ragib alikuja Hučnik vita vilipokwisha, kabla hapajawa na lango, tiketi wala aiskrimu. Wazee wanasema bonde lilikuwa zuri kuliko leo. Majani yalifika kiunoni, maji yaliporomoka yakiimba peke yake, na hakuna aliyethubutu kutia mguu, maana mabomu ya ardhini hayapigi hodi. Ragib aliajiriwa kuwasaidia wataalamu wa kuyategua. Walipima ardhi shibiri kwa shibiri, wakafunga utepe mwekundu kwenye vijiti, na yeye alitangulia na kijiti chake akilishuku kila jiwe. Ua zuri likiwa limesimama peke yake katikati ya njia, lilimtia wasiwasi kuliko nyoka. Njia ya mbao mnayoshukia leo na watoto mabegani, mkipiga picha na kusukumana, ni njia aliyoishuku kwanza yeye, yote, kuanzia juu hadi kwenye bwawa. Hajaumia mtu hata mmoja juu yake. Na mpaka leo mwenyewe hatoki nje ya mbao zile, hata kwa haja ndogo.

Njia ilipofunguliwa wakampa lango. Hapo nadhani walikosea kidogo, maana mtu aliyefundishwa kushuku mawe walimpa watu.

Wageni wanakuja Hučnik kuyatazama maji. Ragib alikaa kwenye kibanda chake, kofia nyeusi imeinamia sikio, akiwatazama wageni. Aliyekuja bila kamera alishukiwa: huyu kaja kutazama nini? Aliyekuja na kamera kubwa alishukiwa zaidi: huyu kaja kupima nini? Siku ya jua akimwona mtu na mwavuli, alimfuata. Siku ya mvua akimwona mtu hana mwavuli, alimfuata vilevile. Profesa mmoja wa mambo ya konokono aliwahi kuhojiwa mpaka akasahau jina la konokono wake. Na yule mbuzi wa akina Fuad, anayepita chini ya uzio kila kiangazi, Ragib hakukubali kamwe kwamba anafuata majani. "Mbuzi hawezi kujua njia hiyo peke yake," alisema. "Ana mtu."

Msicheke sana. Mara nyingi shuku zake zilizaa. Sote twajua habari ya mazulia. Kina mama wa vijiji vya juu wana imani, na siwezi kuwalaumu, kwamba zulia lililosuuzwa kwenye maji ya Hučnik linatoka jipya kuliko lilivyotoka dukani. Sheria ya hifadhi inakataza sabuni bwawani kwa sababu ya samaki. Kwa hiyo kina mama wakageuka wapenzi wa maumbile. Walikata tiketi, wakasifu mandhari, wakavuta hewa safi, na chini ya makoti yao wana sabuni ya unga. Ragib aliwanusa mmojammoja. Hakuwagusa, hapana, alikuwa na adabu. Aliinama kidogo kana kwamba anasalimia, akavuta pumzi, kisha akasema kwa upole, "Shangazi, rudisha kwenye gari."

Mwaka jana, hata hivyo, walimpiga chenga, na kidonda hicho hakikupona. Ilikuwa Jurjevo, asubuhi ile ya Mei tunapoiaga baridi. Mila ya kwetu mnaijua: mwanamke mwenye haja huamka kabla ya watu, huenda kwenye maji yanayoanguka, na kuyakinga manyunyu yakiwa bado hewani. Hayo ndiyo omaha, maji ya kumwogeshea mtu ili ubaya umtoke. Sharti lake ni kimya. Aliyebeba omaha hasemi, haitiki, hatikisi kichwa, mpaka afike nyumbani kwake na kuyamwaga. Akisema, amebeba maji ya kawaida, na Jurjevo nyingine ni mwaka mzima. Basi mwaka jana wakaja wanawake watatu na mitungi ya shaba, nyuso zimetulia kama za watakatifu, hawasemi. Ragib akavua kofia, akawapisha. Mitungini mlikuwa na sabuni. Mazulia yaliteremshwa kwa kamba kutoka barabara ya juu. Bwawa likaumuka povu hadi kwenye kidaraja, na wageni kutoka Austria wakalipiga picha wakidhani ni ajabu ya maumbile. Tangu siku ile Ragib hakuamini tena hata kimya.

Sasa nifike kwenye kisa cha bwana harusi, maana bila hicho hamtaelewa yaliyofuata. Mwezi wa tatu mwaka huu, kijana mmoja mwenye viatu vya kung'aa alikuja na mchumba wake kuyaona maporomoko. Ragib akamtazama, akamtazama tena, kisha akamuuliza mbele ya foleni nzima, "Na yule mwenzako wa vuli? Yeye maji hakuyapenda?" Mchumba akageuka pale pale na kurudi kwenye gari. Yule wa vuli alikuwa dada yake. Kijana akaandika malalamiko makali sana, na Mkurugenzi Nedžad, ambaye ni mtu wa mjini na anapenda wageni kuliko maji, akamwita Ragib ofisini mlango ukiwa wazi ili sote tusikie. "Lalamiko moja tena, Ragib, moja tu, na unaondoka siku hiyo hiyo. Hutamaliza muda wako. Hakuna pensheni kamili, hakuna sherehe, hakuna mtu wa kukushika mkono. Tumeelewana?" Ragib akamuuliza mlango umeachwa wazi kwa makusudi ya nani.

Lakini alitoka pale amekwajuka. Sikuwahi kumwona hivyo. Mtu aliyetufungulia bonde zima alikuwa karibu kutolewa kwa mlango wa nyuma kama mwizi wa zulia. Tukamwambia anyamaze tu hadi Juni, akate tiketi, atabasamu. Alijaribu. Tabasamu lenyewe liliwatisha wageni, tukamwomba aliache.

Ndipo Jurjevo ikafika.

Lango lilikuwa lifunguliwe alfajiri kwa ajili ya mila. Fuad alikuwa tayari na kodiani yake, foleni imeshapanda kilima, na kila mtu ana tawi bichi mkononi. Ragib amesimama langoni akiwanusa watu kwa siri. Mara akatokea mwanamke, na hakutoka kwenye foleni. Alitoka ndani. Anapanda ngazi kutoka kwenye maporomoko, mtungi wa shaba mikononi, mikono ya koti imelowa hadi mabegani, wakati Ragib alikuwa bado hajamfungulia mtu yeyote. Ukiingia Hučnik bila kupita langoni umeingia kwa barabara ya juu, ile ya kamba na mazulia. Na mikono ikilowa hivyo, ama umekinga manyunyu, ama umesuuza zulia. Niliiona damu ikimpanda mzee usoni.

"Shangazi," alisema, "umeingilia wapi?"

Kimya.

"Mna nini humo mtungini?"

Kimya. Mama yule, baadaye tulimjua kwa jina, ni Munevera wa kijiji cha Donje Bare, alimtazama kama mtu anavyotazama mvua kupitia dirisha.

"Sema neno moja tu nikuache. Jina lako. Jina halina dhambi."

Fuad akaacha kodiani. "Mwache mama wa watu, Ragib! Kabeba omaha, utamharibia!"

"Hata wa mwaka jana walibeba omaha," Ragib akajibu. "Ile omaha ilitoa povu siku mbili."

Foleni ikaangua kicheko. Mwanamke mmoja wa nyuma akapaza sauti, "Kama una shaka, ionje!"

"Nikiionja nitakuwa nimekunywa ushahidi."

Aliinama, akanusa. Tukangoja wote. Hakunusa kitu, na hilo likamtia shaka zaidi, maana siku hizi kuna sabuni isiyo na harufu. Lakini jua lilikuwa linakaribia ukingo wa mlima, na omaha ikipigwa na jua njiani ndiyo basi tena. Kila mtu pale alilijua hilo, na Ragib alilijua kuliko wote, mama yake alikuwa mbebaji. Niliona jinsi alivyobanwa. Akimzuia na mtungi ukawa wa kweli, amemharibia mtu mwaka wake, na lalamiko limeshaandikwa. Akimwachia na mtungi ukawa wa uongo, amepigwa chenga mara ya pili mbele ya kijiji kizima.

Alichokifanya hajawahi kukifanya mlinzi yeyote wa Hučnik. Alitoa ufunguo shingoni, akanitupia mimi, akaanza kutembea kando ya yule mama. Atamfuata hadi kwake aone yanapomwagwa.

Lango nililishika vizuri sana. Wanaosema nusu ya foleni iliingia bure wana wivu na kazi yangu, na hao walioingia bure nawajua, baadhi wamekaa hapa leo wakila mkate wa burek wa sherehe.

Haukupita muda Mkurugenzi akafika na gari lake jeupe. Akaniona mimi kibandani. Akaangalia nyuma yangu, akamtafuta Ragib, akaniangalia tena, na sura yake ikawa ya mtu aliyekuta mbuzi kitandani. "Yuko wapi?" Nikamweleza. "Amemfuata mgeni? Amemfuata mgeni mwanamke, barabarani?" Akamwachia Senada lango, akaniamuru niingie garini nimwonyeshe njia. Hivyo yanayofuata niliyaona kwa macho yangu mawili, na hakuna macho makali kuliko hayo katika idara nzima.

Tuliwakuta wameshapita njia panda. Hilo nililitambua mara moja, Mkurugenzi hakulitambua. Njia panda ndipo ungekata kwenda barabara ya juu kama una gari la mazulia linakungoja. Mama hakukata. Na Ragib, aliyetoka langoni akimfuata kama polisi, sasa alikuwa ameshika sikio moja la mtungi, mama ameshika la pili, wanatembea sawasawa, polepole, kwenye kivuli cha ukingo, jua likiwa juu yao kidogo tu.

Mkurugenzi akasimamisha gari mbele yao, vumbi likatimka. Akashusha kioo.

"Ragib! Nani amekutuma huku?"

Ragib hakujibu.

"Mama, samahani sana. Mimi ndiye mkurugenzi. Huyu mtu amekusumbua? Amekukamata? Usiogope, tikisa kichwa tu."

Mama alitazama mbele.

"Ragib, nakuuliza wewe!"

Nikasema, "Bosi, wamebeba maji." Akaniambia maji gani, kwani kwao hakuna mabomba, na mimi ninyamaze. Nikanyamaza, jambo ambalo naomba lihesabiwe.

Tunajua sote kwamba sharti la kimya ni la mbebaji. Na Ragib alikuwa ameshika sikio la mtungi, kwa hiyo naye alikuwa mbebaji. Sentensi moja ingemwokoa. "Nampeleka mama huyu nyumbani kwake," basi, ingetosha, tungerudi sote. Mtu aliyeuliza maswali miaka ishirini na minane aliulizwa moja, akiwa na jibu, na jibu lilikuwa zuri.

"Usiponijibu sasa hivi," Mkurugenzi akasema, "kesho usije."

Vumbi la gari lilikuwa bado linashuka. Ragib akavua kofia yake kwa mkono uliokuwa huru, akaufunika mdomo wa mtungi. Kisha wakalizunguka gari, mtungi katikati yao, bila kuuachia, wakaendelea na safari.

Mkurugenzi alibaki ameshika usukani. "Umeona dharau ile?" akaniuliza. Nikamwambia nilishaamriwa kunyamaza.

Nilishuka pale, nikawafuata kwa mbali, kwa sababu mimi pia nilikuwa na shaka zangu. Nyumba ya Munevera ni ya mwisho Donje Bare, mlango wa kijani. Mkwewe alikuwa amesimama kizingitini na mtoto, mjukuu wa kiume aliyezaliwa wakati wa theluji na hadi Mei alikuwa mwepesi kama paka, maziwa hayamkai. Munevera hakusema. Akamvua, akamshika juu ya beseni, na Ragib akainua mtungi na kumimina. Maji matupu. Hayakutoa povu hata chembe. Mtoto alipiga ukelele wa baridi uliosikika hadi nilipokuwa barabarani, na jua likaingia uani wakati tone la mwisho limeshaanguka.

Munevera akamfunga mtoto kwenye taulo, akamkabidhi mama yake, akajifuta mikono kwa aproni. Kisha akamgeukia Ragib, na sauti yake ilitoka nzito kwa kukaa kimya tangu usiku.

"Haya. Sasa uliza."

Mzee alisimama na kofia yake iliyolowa. Tuliofanya naye kazi tunaweza kula kiapo kwamba hatujawahi kumwona hivyo. Hakuwa na swali.

Alikunywa kahawa pale, finjani mbili, na kila alipotaka kuaga Munevera akamjazia. Kisha mama akavaa koti lake lililokuwa bado na unyevu na kupanda naye kilima hadi ofisini. Mkurugenzi alikuwa ameshaandaa karatasi ya malalamiko na kalamu, na kiti kizuri.

"Karibu, mama. Andika yote aliyokutendea."

"Langoni alinihoji kama mwizi," Munevera alisema. "Nikamlaani moyoni hadi njia panda. Baada ya hapo alinibebea, na mimi na yeye tumemalizana. Lakini kuna mtu alinizuia barabarani na gari, akanitimulia vumbi, akanisemesha mara tatu nikiwa na omaha ya mjukuu wangu mikononi. Huyo ndiye ninayemlalamikia. Jina lako la ukoo linaandikwaje?"

Siku ile ofisi nzima ilijifunza kimya. Munevera hakulimaliza lalamiko lake. Alilikunja, akalitia mfukoni mwa aproni, akasema atalimalizia akisikia kuna mzee wa Hučnik aliyefukuzwa kabla ya siku zake. Onyo la Ragib likafutwa kabla ya adhuhuri. Leo Mkurugenzi mwenyewe ndiye anayemimina kahawa ya kwanza, na anatabasamu, na sisi, kwa jinsi tulivyofundwa na mzee, tunalichunguza tabasamu hilo kwa makini.

Mtoto anaendelea vizuri. Amenenepa, ana kidevu cha pili. Daktari wa wilaya anadai ni dawa zake. Tunamshuku daktari.

Bwana Ragib, wafanyakazi wote wa Hučnik tunakushukuru. Kwa kila ubao tunaoukanyaga bila kufikiri, asante. Kwa bwawa lisilo na povu, na samaki wasiojua jina lako, asante. Senada anasema hata yeye anakushukuru, na barua aliipiga chapa kwa nia njema. Tumekuchangia zawadi ya kuingia maporomokoni bila tiketi maisha yako yote, na tunajua utauliza nani aliyetoa wazo hilo na anataka nini. Tukuombee nini zaidi? Afya, usingizi mrefu, majirani wa kuaminika, na kama hawapo, basi wa kushukiwa ili usichoke. Mungu akutunze, wewe na nyumba yako.

Na ukija kuyatazama maji, maana hatujawahi kukuona ukiyatazama kwa starehe, langoni utanikuta mimi. Ufunguo hukuuomba tena. Nitakuuliza unakwenda wapi na umebeba nini, kwa kuwa ndivyo ulivyonifunza.

Usinijibu, ami. Wewe pita.

Kwa niaba ya wenzako wote,
Kenan, mlinzi wa lango